Taya Kwenye Gunia la Nne

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia kama nimezima jiko, kisha narudi tena kuhakikisha kwamba niliangalia vizuri. Mama husema hata nikikaribishwa peponi nitauliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi. Kwa hiyo wanaonijua hawaamini nikiwaambia kwamba kwa wiki tatu nzima nilimwacha mama yangu mzazi anywe maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya nguruwe, tena nikijua, nikajitia hamnazo.

Sisi ni Waislamu. Mama ni mtu wa Tanga, marehemu baba alikuwa wa Kondoa, na nyumba yetu iko Kaloleni, karibu na uwanja wa mpira, kiasi kwamba bao likifungwa tunajua kabla ya redio. Nilikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi hapahapa Arusha, na nilijiunga na chama cha wanafunzi wa sayansi na uhandisi kutoka nchi za Afrika. Tulikuwa watu kumi na kitu: Watanzania, Wanyarwanda, Waganda wawili, Mnaijeria mmoja aliyekuwa akitulaumu kwa baridi ya mwezi wa saba kana kwamba tumeileta sisi, na mwenyekiti wetu, dada kutoka Malawi ambaye hakuamini kitu chochote ambacho hakijaandikwa kwenye faili.

Chama kilikuwa na desturi moja. Kitu chochote tulichokiunda hakikupelekwa kwa wananchi kabla hakijakaa wiki tatu nyumbani kwa mmoja wetu, kikatumiwa na mama au bibi au yeyote anayepika pale. Waliotutangulia waliwahi kupeleka jiko lao kijijini moja kwa moja kutoka maabara, likajaza moshi nyumba nzima, wakarudi chuoni wameinamisha vichwa. Tangu hapo ikawa hivyo: kianzie kwa mama yako. Ukiona vibaya kumpa mama yako, basi hakijawa tayari.

Mwaka ule tulikuwa tunatengeneza chujio la maji. Mwenye wazo alikuwa mwenzangu mmoja, kijana wa Kimeru kutoka vitongoji vya juu, upande wa mlima. Maji ya kwao ni baridi, meupe, matamu kabisa, lakini yana madini ya floraidi kupita kiasi, na watoto wanaokua wakiyanywa wanatoka na meno ya kahawia. Yeye mwenyewe alikuwa nayo. Akicheka aliziba mdomo kwa kiganja, na kwenye picha za chama alikuwa amefunga midomo kama mtu anayehesabu moyoni. Alitaka chujio hilo lifike kwao kuliko alivyotaka kufaulu mtihani. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani.

Dawa ya floraidi ni mkaa wa mifupa. Unakusanya mifupa, unaichemsha, unaianika, unaichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo mpaka iwe myeusi, unaiponda, unaichekecha, unaiosha, unaijaza kwenye ndoo yenye koki. Ukizidisha moto inakuwa myeupe na haifanyi kazi. Ukipunguza, maji yananuka. Sisi tulihangaika na moto. Tuligombana kuhusu moto, tuliandika kurasa na kurasa kuhusu moto. Tulipima ukubwa wa chenga hadi macho yakauma. Suala la mfupa ni wa mnyama gani halikumjia mtu yeyote akilini. Kwenye daftari letu iliandikwa tu: mifupa, magunia manne.

Mwenzangu ndiye aliyekwenda kuikusanya. Magunia matatu aliyapata kwenye bucha za Sakina, kandokando ya barabara ya Nairobi. La nne alikuja nalo siku moja kabla ya kuchoma, amechoka, amelibeba begani tangu kituoni, na akalimwaga juu ya turubai nyuma ya maabara pamoja na mengine. Mimi ndiye niliyekuwa zamu ya kuchambua. Tanuri lilikuwa la idara, tumeliomba kwa mwezi mzima, na tulipewa Alhamisi moja tu.

Nikaliona taya. Lilikuwa fupi, nene, na upande mmoja limetoka jino lililopinda kuelekea juu. Mtu mwingine angeweza kukosea. Lakini mimi nimekulia nyumba inayochinja Idi, nimeosha vichwa vya mbuzi na vya ng'ombe tangu sijui kusoma, na hakuna mbuzi wala ng'ombe mwenye jino la namna ile. Nilijua palepale. Nikatazama turubai, nikaona mifupa imeshachanganyika yote, ya gunia hili na la lile, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuitenga tena.

Nilichofanya nakisema kama kilivyo. Nilitazama huku na huku, nikalichukua lile taya kwa kipande cha gazeti, nikalitupa kwenye shimo la taka. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni mara nyingi, nikarudi kuchambua. Nilijiambia kwamba moto unageuza kila kitu, kwamba kitakachobaki ni kalsiamu na fosfeti na kaboni, na kaboni haina dini. Nilijiambia labda ni taya la mnyama mwingine nisiyemjua. Nilijiambia tukiahirisha, tanuri hatulipati tena hadi muhula ujao, na mama wa watu kule mlimani ameshawaambia majirani. Mwanafunzi wa sayansi akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Siku ile tunachoma, moshi wenye harufu ya kwato ukatanda mpaka mabwenini, na watu walitutukana kutoka madirishani. Mkaa ulitoka mweusi, mzuri ajabu. Mwenzangu aliushika kiganjani akacheka, na kwa mara ya kwanza alisahau kuziba mdomo.

Halafu mwenyekiti akafungua faili kuangalia zamu ya nyumba. Ilikuwa yangu.

Ningeweza kusema hapo. Badala yake nikasema mama ana shughuli nyingi, nyumba ni ndogo, maji ya Kaloleni siyo mabaya sana kama ya mlimani, hayatatupa majibu ya maana. Mwenyekiti akanijibu kwamba tunachopima wiki hizi tatu ni matumizi, siyo floraidi: kama koki inavuja, kama mama anachoka kusubiri, kama ladha inamkera. Akaniuliza kama kuna sababu nyingine. Nikasema hakuna.

Jumamosi ndoo ikafika nyumbani. Mama alivyoipokea, utadhani nimemletea mkwe. Akaifutia meza ya pembeni, akaitandikia kitambaa cha kufuma, akawa anawaonyesha watu: haya ni maji ya binti yangu. Alisema chai imekuwa nyepesi, haikwaruzi ulimi. Akayatumia kwa chai, kwa wali, kwa kunywa, na alfajiri nilikuwa nasikia kutoka kitandani koki ikifunguliwa, maana hata udhu alitaka kuchukulia maji yale. Nikajifunika shuka mpaka kichwani. Mimi mwenyewe nilikuwa nikinywa maji ya bomba kwa siri, uani, kwa kikombe cha plastiki, kama mwizi kwetu wenyewe.

Nilijaribu hila. Nilimwambia koki inavuja, bora niirudishe chuoni. Mama akaikagua, akakata kipande cha mpira wa ndala, akaizibia, ikawa nzima kuliko tulivyoitengeneza sisi wahandisi. Nikamwambia maji yanachuruzika polepole, yatamchelewesha. Akasema tangu lini ana haraka. Usiku sikupata usingizi, mchana sikusikia mhadhara hata mmoja. Mama akaanza kuniuliza kama naumwa.

Kisha ikaja hitima ya baba. Kila mwaka mama anaita kina mama wenzake wa darasa la Qur'ani, wanasoma, wanakula, wanamwombea marehemu. Siku tatu kabla yake nilimwona anajaza madumu kutoka kwenye ndoo yangu, polepole, moja baada ya jingine. Nikajua anataka kupikia nini. Nikamwambia mama, tutumie ya bomba, ni wengi mno. Akaniangalia kwa mshangao. Akasema baba yangu alifariki akitamani kuniona nafika chuo kikuu, basi safari hii wanaomwombea watakunywa maji aliyoyatengeneza mwanawe.

Nilisimama mlangoni siku ile nikiwa nimeshika sinia la vikombe. Wanawake kama ishirini, wote nawaita mama au shangazi, wamekaa mikekani wamejifunika kanga, wanasoma. Kisha pilau ikapita, chai ikapita, na mama yangu anazunguka nayo kwa furaha. Kila kikombe kilichopanda mdomoni nilikiona. Mmoja wao, jirani yetu wa ukuta mmoja anayefundisha watoto madrasa, alinishika mkono akaniombea dua: Mungu aniongoze, niendelee kuwafaa watu. Nikaitikia amina. Kisha nikakusanya vikombe vitupu.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa kikao cha kufunga majaribio. Ndoo ikipita, Jumapili ya wiki inayofuata inapanda mlimani. Mwenyekiti alifungua faili, akaona pale kwenye chanzo cha mifupa hapajajazwa vizuri, akamtaka mwenzangu ataje gunia moja moja. Yeye akatoa simu yake, akasoma bila wasiwasi wowote. La kwanza bucha fulani, la pili bucha fulani, la tatu hivyohivyo.

"La nne nilikosa bucha," akasema, "nikachukua pale kwa kitimoto, nyuma ya gereji."

Alisema kama mtu anayesema alinunua sukari duka la pili kwa sababu la kwanza limefungwa. Kwao kitimoto, nyama ya nguruwe, ni chakula cha Jumapili, na mfupa ni mfupa. Wengi kikaoni hawakushtuka pia. Lakini mmoja wa wale Waganda, Mwislamu kama mimi, aliweka kalamu chini akanitazama. Mwenzangu akafuata macho yake, akanitazama na yeye. Kiganja kikapanda mdomoni kama siku zote, ila safari hii hakuwa anacheka.

"Mungu wangu," akasema. "Mama yako."

Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama amekuwa akiyatumia maji. Nikasema ndiyo. Hakuna aliyeniuliza kama nilijua. Ni nani angefikiria hivyo? Walinionea huruma, Mnaijeria akanipisha kiti chake kilichokuwa karibu na dirisha ili nipate hewa. Na mwenzangu alikuwa anarudia kwamba ni uzembe wake, ni upumbavu wake. Nikamwambia mbele ya wote asijilaumu, hakujua. Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Yalikuwa ya kweli, na niliyasema kama mtu mwema aliyekosewa.

Akasema kesho, akitoka kanisani, atakuja kwetu kumwomba mama msamaha. Nikamkataza. Nikamwambia nitamweleza mwenyewe, haina haja. Akakataa katakata, akasema kwao ukimkosea mama wa mtu unakwenda kwa miguu yako, hutumi salamu.

Nilitembea kurudi Kaloleni na roho iko juu. Hofu ya wiki tatu nilikuwa nimeizoea kidogo, kama kokoto kwenye kiatu. Hii ilikuwa mpya: kesho mchana mtu atakaa kwenye kochi letu, atajitwisha kosa langu, na mama atamsamehe, na mimi nitakuwa nimenusurika. Nilitambua, nikiwa pale njiani, kwamba sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa inalitaka jambo hilo. Nikaongeza mwendo.

Mama alikuwa uani anapeta mchele. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nikamweleza magunia, turubai, kitimoto. Akaweka ungo chini. Kisha akauliza lile ambalo kikao kizima hakikuuliza.

"Wewe umejua lini?"

"Kabla hatujachoma, mama."

"Siku ya hitima ya baba yako ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakunifokea. Ningependa anipige. Aliinuka, akaingia ndani, akaanza kutoa vyombo: masufuria, birika, vikombe, vijiko, madumu, vyote vilivyoguswa na maji yale, akavipanga uani. Akanituma nichote udongo safi pembeni ya mgomba. Tukaviosha mara saba kila kimoja, mara moja kwa udongo, kama alivyofundishwa kwao utotoni. Mimi namimina, yeye anasugua, anahesabu kwa sauti. Baadaye ustadhi alituambia kwamba kwenye jambo la kitu kilichogeuzwa na moto wanazuoni wametofautiana, na kwamba asiyejua hana dhambi. Mama alimshukuru, lakini sikuona uso wake ukibadilika. Wasiwasi wake haukuwa kwenye mkaa.

Tulipomaliza alivaa buibui lake la kutokea. Nikafahamu anakwenda kwa wale kina mama. Nikachukua mtandio nimfuate.

"Wewe kaa," akasema.

Alirudi karibu na magharibi, akasali, akalala bila kula. Sikuthubutu kumuuliza aliwaambia nini.

Nilikuja kujua Jumapili asubuhi. Jirani yule wa madrasa alinikuta nafagia mbele ya nyumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanivuta pembeni. Akaniomba nimtulize mama, asijitie unyonge kiasi kile. Akasema jana mama alifika barazani kwake akalia. Amewaambia wote kwamba kosa ni lake, kwamba mimi nilimletea chombo akapokea tu bila kuuliza ni mifupa ya mnyama gani, mtu mzima kama yeye. Angejuaje, masikini? Na wewe ungejuaje, akasema, mtoto wa shule? Nikainamia ufagio. Nikasema nitamwambia. Yaani hata hapo, Mola anisamehe, nikasema nitamwambia tu.

Milango ya wale kina mama yote nilikuja kuipita mwenyewe kukiri kosa, mmoja baada ya mwingine, wiki iliyofuata. Lakini siku hiyo niliendelea kufagia.

Mwenzangu alifika saa nane, bado na suti ya kanisani, viatu amevishika mkononi tangu kizingitini. Alimwamkia mama kwa kuinama. Alikuwa ameandaa maneno, nadhani usiku kucha, na akayasema moja kwa moja bila kukaa: kwamba yeye ndiye aliyeileta mifupa ile, kwamba hakuwaza, kwamba ameinajisi nyumba ya watu waliomwamini na dua ya marehemu, na kwamba mama akitaka chama kivunje chujio lile hata leo, yeye atalivunja kwa mikono yake. Aliyatamka bila kuziba mdomo, meno yake yote yakionekana.

Mama alimwambia akae. Akamwambia, mwanangu, wewe hukujua, mimi sina kinyongo na wewe. Kisha akanitazama. Hakunikonyeza, hakunikunjia uso. Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba jana aliweza kunibeba mbele ya kina mama wenzake kwa sababu lawama aliichukua yeye mwenyewe. Huyu kijana hakumpa nafasi hiyo. Huyu alikuwa amebeba mzigo wangu, na mama hakuwa na ruhusa ya kumwacha aondoke nao.

Nilijikaza kisabuni. Nikamwambia kwamba niliona taya. Nikamweleza jino, gazeti, shimo la taka. Nikamwambia nililiona Jumatano, kabla tanuri halijawashwa, nikamwacha achome, nikamwacha acheke, na jana nikamwacha ajilaani mbele ya chama kizima.

Hakuinuka. Alikaa na mikono magotini, anatazama ndoo yetu iliyowekwa chini karibu na mlango, ikingoja kurudishwa. Nilisubiri anitukane. Alikuwa na haki.

"Kama jana nisingesoma ile orodha," akasema polepole, "ungesema lini?"

Nikafungua mdomo. Hoja zilikuwa tayari, zilezile za turubai, zimejipanga: ningesema kabla hatujapanda mlimani, ningesema baada ya mtihani, nilikuwa natafuta tu wakati unaofaa. Nikamtazama mama. Na yeye alikuwa anangoja jibu hilohilo, amelingoja tangu jana, tangu sufuria ya kwanza.

"Nisingesema," nikajibu.

Nje mtu alikuwa anapita na redio. Mama akavuta birika, lile tuliloliosha mara saba, akammiminia mgeni chai, akajimiminia yeye, kisha akaniambia nikalete kikombe cha tatu.